Maua ya Plastiki Yaliyovuka Bahari

Wasomaji wangu mnisamehe. Juma lililopita niliahidi kuendelea na habari ya bei ya mbolea, lakini mbolea itasubiri. Mama aliyekuwa na nyumba ya kulala wageni kule Makambako, karibu na njia panda ya kwenda Songea, amefariki dunia. Habari nimeipata kwa dereva wa lori la mbao aliyezoea kula kwake, na aliponieleza alivua kofia ingawa tulikuwa tumesimama juani. Nilipanga chumba kwa mama huyo nilipokuwa mwalimu mgeni mjini pale, kabla sijashika kalamu ya gazeti. Nimeumia kuliko nilivyotegemea kuumia kwa mtu asiye ndugu yangu.

Nyakati zile milango ya biashara ndiyo kwanza imefunguliwa, na Makambako palikuwa hapakamatiki. Maduka yaliyokuwa yakiuza chumvi na viberiti tu yalifurika redio, chupa za chai zenye michoro ya tausi, na maua ya plastiki ya kila rangi, hata zile ambazo Mungu hakuzikusudia kwa ua. Ndipo sista mmoja Mfilipino, aliyehudumu kwenye misheni karibu na Njombe, alipowaalika akina mama wachache wa parokia wakatembelee kwao, mkoa wa kale wa pwani uitwao Ilokos. Mama yetu, mzaliwa wa Njombe, alikuwa mmoja wao. Wakakubaliana kwamba mgeni haendi mikono mitupu, na kwamba zawadi ya heshima ni ya dukani. Wakaenda kwa mfanyabiashara wa Kiislamu, jirani yake pale Makambako, mzee mcheshi, wakanunua maua. Mzee akayapangusa vumbi akasema, "Chukueni, akina mama. Mali safi hii, imetoka Mashariki ya Mbali." Hakuna aliyekumbuka kujiuliza wao wanakwenda upande gani.

Aliporudi alinisimulia safari ile mara nyingi, mimi nikiwa mezani na sahani yangu ya maharage. Alisema kuna mtaa umetandikwa mawe, magari ya farasi yanapita, na nyumba zake ni za tofali chini, mbao juu, na madirisha yake badala ya vioo yana magamba ya chaza yaliyolainishwa hadi yakapitisha mwanga. Watu wanalala humo, wanapika humo, na wageni wanatoka mbali kuja kuziona. Walifikia kwa bibi mmoja mjane ambaye wajukuu wake waliwapokea kwa kuushika mkono wa kila mgeni mtu mzima na kuugusisha kwenye paji la uso. "Nikajisikia mtu mkubwa, Mwalimu," alisema. "Basi nikatoa maua yangu kwa madaha."

Bibi akayapokea kwa mikono miwili, akashukuru, akayapeleka kwenye meza ya pembeni. Pale mezani palikuwa na maua mengine ya plastiki, pacha wa yale, rangi ile ile, hata vumbi lile lile. Mama yetu alikuwa akifika hapo katika simulizi anaacha kijiko na kucheka mpaka anashika ubavu. Lakini kilichofuata alikisimulia taratibu. Bibi alirudi akakishika kikapu ambacho maua yalisafiria, kikapu cha mianzi alichosuka mama mzazi wa mgeni wake, kilichopakiwa tu ili maua yasipondeke. Akakigeuza, akapitisha kidole kwenye ukingo, kisha akauliza kupitia kwa sista: "Huyu aliyesuka hiki, yupo? Na kwenu mna vingine?" Akina mama wa Njombe wakatazamana. Vikapu vya namna hiyo walikuwa wanabebea mbolea ya ng'ombe.

Alirudi bila kikapu, na bila usingizi. Kisa ni kwamba pale Njombe, karibu na soko, ilikuwepo nyumba ya baba yao, fundi aliyefinyanga na kuchoma tofali zake mwenyewe. Dari yake ilikuwa ya mianzi iliyosukwa, na katikati kilikuwepo chumba cha moto, maana baridi ya Njombe haina mzaha. Kaka yake mkubwa, mwenye malori, alikwisha amua kuibomoa ajenge fremu za maduka kama watu wote. Kikao cha ukoo kilipoitishwa, yule mama alisema anaitaka nyumba ile ilale wageni kama ya bibi wa Ilokos. Kaka akamjibu bila hasira, "Mdogo wangu, wale wana bahari na farasi. Sisi nani atakuja kuangalia moshi wetu?" Mwisho akampa muda mpaka msimu wa ulanzi, pombe yetu ya mianzi. Mianzi ikianza kugemwa na hajaja mgeni wa maana, tofali zinashuka.

Mama akafanya kazi. Aliwatafuta mafundi wa kuziba dari ilipotoboka hadi vijiji vya Lupembe, akasiliba kuta, akasukisha vikapu, kisha akaketi kusubiri wazungu. Hapo ndipo alipokosea, na alikuwa akisema mwenyewe. Wazungu hawakuja. Mvua zilianza, na kaka, mtu wa vitendo, akashusha matofali ya saruji uani ili kuokoa muda. Nilikwenda Njombe Jumamosi moja kumtazama, nikamkuta amekaa kwenye chumba cha moto amejifunika vitenge viwili. Aliniambia, "Mwalimu, labda kaka anasema kweli." Ulanzi ulikuwa umeshaanza kuuzwa sokoni.

Aliyekuja, alikuja jioni ile ile nikiwepo. Alikuwa mtu wa Matembwe, kijiji cha huko huko Njombe, afanyaye kazi Dar es Salaam, ana mke na watoto watatu waliokuwa wakitetemeka kwa baridi, gari lao limeharibika na gesti nyingine zimejaa. Alipoinama kuingia kwenye chumba cha moto alisimama ghafla. "Kamwene," alisalimu kwa Kibena, kana kwamba kuna mtu amemkuta humo. Kisha akakaa kwenye kigoda, akaanza kuwaeleza wanawe habari za nyanya yake, ambaye hawakuwahi kumsikia. Alichanganya Kiswahili na Kibena, na watoto wakacheka, wakamtaka arudie maneno. Kaka mwenye malori alikuwa amepita kukagua matofali yake. Mtoto wa kike akanyoosha kidole juu akamuuliza, "Babu, ile nani kaisuka?" Mzee yule akatazama dari aliyoizoea tangu utotoni. "Baba yangu," alisema, akavuta kigoda.

Yule mgeni aliwaambia wenziwe, wenziwe wakaja na watoto wao. Matofali ya saruji yalijengewa vyoo vya wageni, vizuri kabisa, wala hakuna aliyewahi kulizungumzia jambo hilo. Wazungu nao walikuja baadaye, wakakuta nyumba imejaa wenyewe. Tulidhani urithi ni kitu cha kumwonyesha mtu wa mbali, na kumbe wenye njaa nao ni watoto wetu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Siku ile nilimwona mwenyeji akipona. Wala sisemi tufunge maduka. Mimi mwenyewe nina redio ya pale Makambako na inaimba vizuri. Nasema tu kwamba milango ikifunguliwa ili vitu viingie, ni vema tujue ndani tulikuwa na nini.

Nilikwenda kuhani. Makambako nilisimama mbele ya duka la yule mzee wa Kiislamu, nikatazama mashada ya plastiki yaliyoning'inizwa, na yeye akanitazama mimi. "Kwa yule mama?" aliuliza. "Hapana, Mwalimu. Kwake usipeleke hili." Nikaendelea na safari na galoni yangu ya asali niliyotumiwa kutoka kwetu Tabora. Njombe nilimkuta kaka mlangoni, amezeeka, anapokea wageni kwa mikono miwili. Nilipomkabidhi galoni aliifungua, akanusa, akaniuliza asali ile inarinwaje, mizinga yake inatundikwa mti gani, na nani alinifundisha hayo. Nilimweleza kuhusu babu yangu, mrina asali. Alinishika mkono akaniingiza kwenye chumba cha moto, akawaambia waliokuwemo wanisogezee kigoda.