Swali Nililoshindwa Kumuuliza Mkwe

Siku yangu ya kwanza kazini Mbinga nilivaa koti jeupe lililonizidi mabega. Mganga Mfawidhi, mkuu wa hospitali yetu, alinitazama akacheka. "Afisa Tabibu," akasema, "wazee wa huku hawaanzi na ugonjwa. Wataanza na kahawa, waende kwenye mahindi. Usiwakatize, ugonjwa utafika."

Baadaye nilihamishiwa Liparamba, kisha kituo cha afya cha Lundo, ambako nilinenepa kwa samaki wa ziwani. Enzi hizo saratani ya tezi dume, kile kiungo kidogo chini ya kibofu cha mwanamume, ilitufikia imechelewa. Tulimwekea mgonjwa mpira wa mkojo, tukampa vidonge vya maumivu, tukamrudisha nyumbani. Ikishatoka kwenye tezi tulisema "imesambaa", na faili likafungwa. Niliwasikitikia sana wazee wale.

Niliporudishwa Mbinga, kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuwafuatilia waliotibiwa saratani hiyo Dar es Salaam. Mmoja wao alikuwa Mzee Desideri, mkulima wa kahawa wa Matiri, baba wa mke wangu. Tezi yake ilikuwa imeshapigwa mionzi. Kila miezi mitatu nilimpima damu na kujaza karatasi ya maswali: mkojo ukoje, mifupa inauma? Hapo ndipo nilipoharibu. Kwetu mkwe hamuulizi mkwe mambo ya chini ya mkanda. Nilimuuliza tu, "Shikamoo baba. Mwili haujambo?" Akajibu, "Marahaba. Mwili upo." Nikaandika: hana maumivu. Na mara ya pili nikaandika vilevile!

Mara ya tatu kipimo cha damu, kile kinachoashiria saratani hii, kilikuwa kimepanda. Nikamwita Nesi Mwajuma, mzaliwa wa Tanga, asiye na ukwe na mtu yeyote Mbinga. Alikaa na mzee dakika chache, akatoka amekunja uso.

"Daktari, mzee nyonga inamuuma tangu kabla ya masika. Anasema ni kulima ngoro. Hivi wewe ulikuwa unamuuliza nini?"

Ngoro, yale mashimo ya kilimo chetu cha mlimani, huchosha kiuno kweli, lakini si kwa miezi. Niliona aibu hata ya kumtazama mzee.

Picha zilizopigwa Dar es Salaam zilionyesha madoa mawili: moja kwenye nyonga, jingine ubavuni. Familia ikakutana Matiri. Shemeji zangu wakasema imesambaa, mzee apumzike kwake. Mwenyewe akaafiki, akaanza kugawa mibuni. Nikasimama.

"Baba, nisamehe, leo naongea kama tabibu. Kusambaa kunatofautiana. Madoa mawili yanahesabika. Mashine ya mionzi inalenga doa lenyewe, siku chache tu, nyama ya jirani haiguswi sana. Utachomwa pia sindano za kushusha homoni za kiume, maana ndizo zinazoilisha saratani hii."

"Nitapona?"

"Daktari bingwa hajaahidi hivyo. Anasema madoa yanaweza kutulia, ukapata muda."

"Muda wa mibuni niliyopanda juzi kuzaa?"

"Sijui, baba. Huo ndio tunaoutafuta."

"Basi tuutafute."

Alikwenda Dar es Salaam, akarudi amechoka, akilalamika kwamba sindano zinampandisha joto mwilini kama mama aliyekoma hedhi. Mkewe alimcheka wiki nzima. Nyonga ilitulia. Mibuni ile imeshavunwa, nami nilikunywa kahawa yake kwa furaha kubwa. Damu yake bado inapimwa, kwa sababu ugonjwa huu haupewi mgongo.

Nimestaafu nikiwa na moyo mweupe. Vijana mnaoingia kazini, heshimuni wazee, lakini waulizeni. Mimi aibu yangu ilimpotezea mkwe wangu nusu mwaka, na hakuwahi kunilaumu hata siku moja.

Siku ya kuniaga, Mzee Desideri aliomba kusema neno. Ukumbi ukatulia, watu wakidhani atatoa baraka.

"Mkwe wangu," akasema, "nasikia umetimiza sitini. Mkojo wako ukoje?"

Watu waliangua kicheko, Nesi Mwajuma akapiga meza. Mke wangu peke yake hakucheka. Alinigeukia, akangoja jibu, na mimi maisha yangu yote sikuwahi kupimwa tezi hiyo.