Mama Darubini Hakupuliza Filimbi

Walimwita Mama Darubini, naye hakukasirika. Katika safu ile ya nyumba sita zilizotazamana na ukuta mrefu wa ghala la mbao, hapakupita hata paka asiyemjua. Cherehani yake ilikaa chini ya dirisha la mbele, na kila aliposhona mstari mmoja aliinua macho mara mbili. Mumewe, mwashi aliyetoka alfajiri na kurudi jua likishazama, alipenda kuwaambia wageni, "Mkitaka kujua nimechelewa kiasi gani, msitazame saa. Mtazameni mke wangu usoni."

Watu walidhani ni umbea. Ilikuwa hofu. Wezi waliwahi kuingia katika nyumba waliyopanga zamani, akiwa peke yake na kitinda mimba wake wa miaka mitatu. Walijibanza chini ya kitanda, kiganja chake kikiwa mdomoni mwa mtoto, wakitazama viatu vya watu vikizunguka chumbani. Mtoto yule sasa alikuwa binti wa kidato cha mwisho, mrefu kuliko mama yake, na alikuwa amesahau yote. Mama hakusahau hata kiatu kimoja.

Nyuma ya mlango wa kila nyumba katika safu palikuwa na msumari, na kwenye msumari filimbi. Aliyezigawa ni Fundi Chuma, mchomeleaji wa nyumba ya kwanza, mtu mwema mwenye sauti ya kugombana hata anapokuombea heri. Ndiye aliyewawekea wote nondo za madirisha. Siku ya kugawa filimbi alisema, "Ukimtilia mtu shaka, puliza. Kazi yako inaishia hapo. Mengine mtuachie sisi."

Aliposema "sisi" alimaanisha wanaume wa safu nzima, kila mmoja na kipande chake cha bomba.

Mama Darubini alikuwa ameipuliza yake mara moja tu, miaka miwili nyuma, alipomwona mwanamume akichungulia juu ya geti la nyumba ya mwisho. Mtu yule alikuwa ameelekezwa chumba cha kupanga, akapotea njia. Hakupewa nafasi ya kulieleza hilo mpaka mkono wake wa kushoto ulipokuwa umevunjika mahali pawili. Haukunyooka tena. Alikuwa mpakiaji wa mizigo. Sasa alikaa kwenye kona ya soko akiuza vifungo na zipu. Hakujua nani aliyepuliza. Mama Darubini alinunua zipu kwake kila wiki, hata zile mbovu zinazong'oka meno kabla nguo haijavaliwa, na kila mara alirudi nyumbani akiwa amesahau nusu ya alivyoendea sokoni.

Tangu hapo filimbi yake ilikaa msumarini, ikishika vumbi.

Jumatatu moja, saa nne asubuhi, alipita mwanamume mwenye kofia ya kijani. Alitembea taratibu kama mtu asiye na pa kwenda, akasimama kwenye kona ya ghala, akainama kufunga kamba ya kiatu. Mama Darubini akasimamisha gurudumu la cherehani. Viatu vya mtu yule vilikuwa vya kuvuta tu, havikuwa na kamba.

Jumanne alirudi. Safari hii mwenzake alimngoja mwisho wa njia juu ya pikipiki yenye kiti kilichochanika, bila kuzima injini. Mwenye kofia alibisha hodi nyumba ya tatu, ambako mchana hakuna mtu, akangoja, akabisha tena, akaondoka. Mama Darubini akaandika namba ya pikipiki kwenye daftari lake la vipimo, chini ya kiuno na mabega ya mke wa kinyozi.

Jumatano mtu yule aliweka mkono kwenye komeo la geti la Mama Darubini.

Binti alikuwa chumba cha ndani akijisomea mtihani. Mama alikuwa na filimbi kinywani kabla hajajua kwamba amesimama. Ilikuwa na ladha ya kutu. Pumzi ilijaa kifuani, ikafika kooni, ikakwama hapo. Aliuona ule mkono usionyooka. Akaitema filimbi, akavaa futi yake ya kupimia shingoni kama mtu aliyetoka kazini kidogo tu, akafungua mlango.

"Karibu, kaka."

Mtu yule aliondoa mkono getini. "Asante, mama. Habari za hapa?"

"Nzuri. Nimekuona juzi, nikakuona jana, leo nimesema nitoke nikusaidie. Unamtafuta nani?"

"Naulizia nyumba ya kupanga."

"Hapa zimejaa. Na mwenzako kule kwenye pikipiki naye anapanga, au yeye anapakia tu?"

Akacheka, meno yote nje. "Mama, wewe unaona mbali."

"Kazi ya sindano hiyo. Hata namba ya pikipiki nimeisoma, nimeiandika na daftarini."

Kicheko kikamwisha polepole. Alimtazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, kama Mama Darubini alivyowatazama wateja kabla ya kukata kitambaa. Kisha akagusa kofia, akaenda zake. Mama Darubini alirudi ndani, akaketi, akacheka peke yake. Amemfukuza mwizi kwa salamu, na hakuna mtu aliyetokwa hata na tone la damu.

Siku hiyohiyo alijipanga. Alimtuma mumewe kununua kufuli la pili. Alikata matawi ya ua lililoota dirishani, yasije yakamficha mtu. Akamwambia binti redio iwake mchana kutwa, kwa sauti ya juu, mpita njia ajue kwamba ndani kuna watu.

"Nitasomaje na kelele hizi, mama?"

"Utasoma ukiwa hai, mwanangu."

Mumewe alimuuliza, akipiga msumari wa komeo jipya, "Umewaambia majirani?"

"Nikimwambia Fundi Chuma, kesho watamvizia pale kwenye kona. Unajua watakavyomfanya."

"Najua." Akapiga msumari mara mbili. "Haya, tunyamaze. Huyo harudi tena."

Kweli hakurudi kwake.

Katika nyumba iliyofuata, waliyopakana nayo ukuta mmoja, aliishi Mzee wa Saa. Alikuwa mgane, aliyefiwa na mkewe miaka mingi nyuma, akitengeneza saa za mkono kwenye meza ndogo karibu na mlango wa nyuma, mahali penye mwanga mzuri. Sikio lake la kulia lilikuwa limekufa. Alipenda kusema kwamba Mungu alimwachia la kushoto ili asikie saa zikitembea, na akamwondolea la kulia ili asiwasikie wenye saa wakilalamika.

Ijumaa, saa kumi jioni, binti alimpelekea chai kama ilivyokuwa desturi yake. Akarudi mbio na kikombe mkononi, chai imemwagika yote kwenye sketi.

Mzee alikuwa chini ya meza, amefungwa kwa waya wa pasi yake mwenyewe. Saa za wateja zote zilikuwa zimechukuliwa. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimevimba, vidole vimeelekea kusiko. Walimkanyaga alipokataa kuachia saa ya mwisho. Waliingia baada ya adhuhuri, kwa mlango wa nyuma.

"Niliita," alisema walipokuwa wakimfungua. Hakusema kwa lawama, alieleza tu. "Niligonga ukuta kwa kisigino. Nikasikia kwenu muziki, nikasema basi, wamo ndani, watasikia."

Ukutani, upande wa nyumba ya Mama Darubini, redio ilikuwa bado inaimba. Hakuna aliyekumbuka kuizima.

Jioni ile safu nzima ilikutana uani kwa Fundi Chuma, kati ya mageti ambayo hayajapakwa rangi. Fundi Chuma hakukaa.

"Nani aliona kitu wiki hii?"

Muuza mitumba wa nyumba ya tano akasema, "Tunaulizana nini, na mwenye darubini yupo? Au vioo vimeingia ukungu?"

Wawili watatu wakacheka. Mama Darubini hakucheka.

"Nilimwona," alisema. "Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Ana kofia ya kijani. Nilitoka, nikamhoji, akaondoka."

"Ukapuliza?" Fundi Chuma aliuliza.

"Sikupuliza."

"Ukaniambia mimi? Ukamwambia nani?"

Mumewe akakohoa. "Shemeji, tuliamua wote wawili..."

"Namuuliza yeye." Sauti ya Fundi Chuma ilikuwa imeshuka, na hiyo iliwatisha zaidi. "Dada yangu, wewe hukumfukuza mwizi. Ulimsogeza mlango mmoja mbele."

Maneno yale alikuwa amejiambia mwenyewe tangu saa kumi.

"Namba ya pikipiki unayo?"

"Ninayo."

"Ilete."

Wanaume walikuwa wamesimama wote. Mke wa kinyozi aliwatazama miguu, si nyuso. Mama Darubini alishika futi shingoni kwa mikono miwili.

"Nitaipeleka polisi kesho asubuhi."

"Polisi watakwambia ununue kufuli."

"Waniambie. Wewe sikupi. Nilikupa mmoja zamani, Fundi, na unajua alikuwa nani."

Kila mtu alijua. Miaka miwili hakuna aliyewahi kulitamka. Fundi Chuma aligeuka, akaokota kipande cha chuma, akakirudisha palepale kilipokuwa. "Haya," alisema. "Nendeni mkalale."

Asubuhi askari wa zamu alinakili namba kwenye kitabu kikubwa, akauliza kama anao uhakika wa tarakimu ya mwisho, akamwambia watamwita. Akamshauri pia anunue kufuli.

Kutoka kituoni alipitia kwa mzee, aliyerudishwa kutoka hospitali na mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Walimwambia vidole vitapona, lakini si kwa kazi ya skrubu ndogo. Alikuwa kitandani, macho kwenye meza yake tupu. Mama Darubini alimwinua kichwa akamnywesha uji, kijiko kwa kijiko, na katikati ya bakuli akamweleza yote, tangu kiatu kisicho na kamba. Hakujitetea. Alimweleza na habari ya filimbi ya zamani, na kwa nini pumzi ilimkwama.

Mzee alisikiliza kwa sikio lake la kushoto.

"Ungepuliza, ungefanya vibaya," alisema. "Hilo nakubaliana nawe."

"Nisamehe, baba."

"Lakini ungeweza kunigongea tu. Mlango wangu wa nyuma huwa siufungi mchana, kwa ajili ya mwanga. Ungeniambia, mwanangu, ningeufunga."

Akageuza uso ukutani, sikio zima likalala kwenye mto, na lile lililokufa likabaki juu. Mama Darubini akamwomba radhi tena, ingawa alijua hasikii. Aliosha bakuli na kijiko, akaenda mlango wa nyuma, akaukuta wazi. Akauvuta na kulisukuma komeo. Chumba kikaingia giza kiasi kwamba hakuweza tena kuiona meza.