Pete ya Lenzi ya Mzee

“Sasa mnataka nikamfukue?” Ackson aliropoka mlangoni mwa studio yake, hapa Msasani yetu ya Rungwe. “Kila siku Ackson, Ackson! Mwanga ndio ulioniharibia!”

Mimi nauza ndizi mlango wa pili. Aliyeambiwa hayo ni Tusekile wa Ibighi, tuliyemzikia mume juzi juzi. Nikaacha ndizi zangu, nikadakia.

“Mwanga gani, wewe? Siku ile si ukungu mtupu?”

Tusekile hakupandisha sauti. “Nilikuomba picha moja tu, kaka yangu. Uso wa mume wangu Yohane. Unajua alivyokuwa akiikimbia kamera. Sina nyingine.”

Ackson si mvivu, hilo nitamtetea. Baba yake alipiga picha za ndoa na vipaimara Rungwe yote kwa kamera ya filamu. Alipokufa akamwachia lenzi, nzito kama jiwe. Ackson alinunua kamera ya kisasa, akaifunga lenzi hiyo kwa kipande cha chuma, adapta. Ukimshauri anunue lenzi mpya, ananuna. “Hili ni jicho la mzee.”

Balaa lilitokea hapo. Kamera ya mzee ilikuwa ikibana tundu la lenzi yenyewe, ukishabonyeza. Hii mpya haiijui lenzi ile. Ni lazima azungushe pete ya lenzi kwa mkono: aifungue apate kuona, kisha aibane kabla ya kupiga. Kasi ya kupiga anaipanga mwenyewe, na kioo cha nyuma ya kamera amekiweka king’ae sawa muda wote, kwa hiyo hakimwonyi mwanga ukizidi.

Siku ya msiba aliingia ndani, gizani, wanawake tumeuzunguka mwili. Akaifungua pete yote. Jeneza lilipotolewa uani akafuata mazoea ya kamera ya baba yake, hakubana kitu, mwanga ukaingia wote. Picha zote za nje zikatoka nyeupe pe, kama tumezika ukungu.

“Na za ndani?” nikamuuliza.

“Ndani nilipiga moja, ya kupimia mwanga. Ile si picha, dada.”

“Ilete.”

“Niliingia kwa wanawake sijaitwa. Na dada Tusekile mwenyewe yupo humo, analia. Nitamuuziaje mtu kilio chake?”

“Nani kasema uuze? Ilete!”

Akaiwasha kamera. Kumbe kule gizani pete iliyo wazi ilifaa. Yohane alikuwepo, ndevu zake za mvi unazihesabu, na kiganja cha Tusekile kimelala shavuni pake.



Ackson akaichapa kubwa, akaipuliza ikauke, akampa kwa mikono miwili, kichwa kimeinama.

“Lile neno la kufukua, dada Tusekile…”

Tusekile alipitisha kidole kwenye lile shavu, kisha akaifunga picha ndani ya kitenge, kifuani.

“Ndaga,” akamshukuru. “Yameisha, kaka. Sikudai tena.”