Kore Nane za Simu ya Mnada

Msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu hii bado mbichi, na nikipita soko la Bwera kuna watu wananiita Injinia kwa sauti ambayo nyie mkiisikia mtajua si heshima.

Kazi yangu ni kutengeneza simu Kasese mjini, na nikipata nafasi najifundisha kuandika programu. Wiki ile nilikuwa nimemaliza programu yangu ya kwanza, kitu kidogo tu: unaiweka kwenye simu, unabonyeza, inakuambia prosesa ina kore ngapi (kore ni kama vibarua ndani ya simu, wakiwa wengi kazi inakwenda haraka, na wauza simu feki hupenda kudanganya hapo, boksi linasema nane kumbe ndani ni mbili). Msimbo wenyewe ulikuwa mstari mmoja unaoiuliza simu ina kore ngapi, simu inajibu, basi. Niliijaribu kwenye simu yangu ikiwa kwenye chaja, ikajibu nane, nikajiona nimehitimu.

Jumapili nikaenda nyumbani Bwera kusali. Baada ya misa kukawa na mnada wa matoleo kama kawaida yetu: matoke, kuku, mbuzi mmoja mkaidi, na safari hii simu mpya ndani ya boksi lake. Aliitoa Mama Kavira, mama wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyekimbilia kwetu na sasa anauza simu sokoni, anayeaminika hata watu wa Muhokya wanafunga safari kununua kwake. Katekista Baluku, mwenye maikrofoni, akasoma kwamba simu ina kore nane. Hapo ningekaa kimya kama mtu mwenye akili, lakini kwaya nzima ilijua nina programu (nani aliwaambia kama si mimi), na binti mmoja wa sauti ya pili akageuka kunitazama, basi nikasimama nikasema tuipime.

Nikaiweka programu, nikabonyeza, ikaandika mbili. Nikabonyeza tena, mbili. Mtu mzima angemwita Mama Kavira pembeni amnong'oneze. Mimi nikaomba maikrofoni, nikatangaza kwa sauti ya daktari anayesoma majibu kwamba ndugu waumini, simu hii si ile ya kwenye boksi. Mnada ukasimama, kuku tu ndio walioendelea kuongea. Mama Kavira alifunga kitenge chake upya akatoka, na mimi (Mungu anisamehe) nikakuhesabu kutoka kule kuwa ushahidi. Watu wakaniomba programu, nikaituma kwenye kundi la parokia, nikaenda kunywa chai kwa dada yangu nikijiona nimeokoa taifa.

Chai haijaisha, dada akaja kutoka sokoni akasema kwenye kibanda cha Mama Kavira hapapitiki. Nikaenda nikitegemea kushangiliwa. Nikakuta umati, kila mmoja ameshika simu aliyonunua hapo, huyu yake imesema nne, huyu mbili, huyu moja, wote wanataka kurudishiwa pesa, na wengine walishaondoka wakisema mama ni mwizi. Yeye alikuwa kwenye kiti cha plastiki, macho mekundu. Sikuwahi kumwona akilia, na kusema kweli niliumia. Aliponiona akanyoosha mkono.

"Na yako, mutoto yangu. Pima yako tuone."

Simu yangu sikuinunua kwake, tena nilishajua ni nane, nikaitoa kwa madaha. Sema tangu asubuhi nilikuwa nikipiga picha, chaji imebaki kidogo sana. Nikabonyeza mbele ya wote, ikaandika mbili.

"Injinia naye iko na feki," akasema jamaa mmoja wa bodaboda, na soko zima likacheka.

Nikaomba waya wa sola, nikaichomeka, nikasubiri kidogo, nikabonyeza: nane. Hapo ndipo nikaelewa nilichofanya. Simu chaji ikipungua hulaza baadhi ya kore ili betri isiishe haraka, na ule mstari wangu ulikuwa ukihesabu zilizo macho tu; ile ya mnada nayo ilitoka kwenye boksi na chaji kidogo. Nikaanza kueleza, nikigugumiza maneno, kwamba zile nyingine zipo ila zimelala.

"Kumbe unahesabuka batoto ya mutu wakati beko banalala?" Mama Kavira akauliza, yaani nahesabu watoto wa mtu wakati wamelala, kisha nasema hawapo.

Walicheka mpaka waliokuja na hasira wakasahau walichofuata. Nilikaa pale hadi jua likazama, nachomeka simu za watu na kuzipima upya moja moja, kisha nikarekebisha msimbo usome ile orodha ya kore zote ambayo simu yenyewe inaitunza, ziwe macho au zimelala.

Jumapili iliyofuata niliomba tena maikrofoni, nikasema simu ni nzima na aliyekosea ni mimi. Ikanadiwa, ikauzwa vizuri kuliko yule mbuzi, watu wakapiga makofi, nikaona yamekwisha. Nje ya kanisa nikamwendea Mama Kavira kumwomba msamaha uso kwa uso. Akanishika bega, akatabasamu, akasema amenisamehe kabisa.

"Lakini jina yangu haiko telefone," akasema. "Wewe uliizima na kidole moja. Kuiwasha, utatembea."

Basi natembea. Habari ya wizi ilikuwa imefika hadi Rukoki, na huko hakuna aliyesikia maikrofoni ya Bwera, kwa hiyo siku nisiyo na kazi naenda nyumba kwa nyumba kwa waliokuwa wateja wake, napima simu zao, nachekwa, naomba radhi. Wameanza kurudi kwake mmoja mmoja. Na nimeapa, hata nikiona simu ya mtu haina kore kabisa, nitamwambia mwenyewe kwanza, tena kwa sauti ya chini.