Suruali Iliyowekwa Kwenye Kiti

Juzi nilisimama katika duka moja mjini Homa Bay, suruali tatu mbele yangu na hasira tele. Unanijua, rafiki yangu, mimi si mtu wa kugombana na wenye maduka. Lakini wiki hiyo jua la Mbita lilikuwa limenichoma Jumatatu, Jumatano nikalowa chapachapa Kegonga, na Ijumaa nikaanguka kwenye kokoto karibu na Rongo, nikaacha ngozi ya goti barabarani. Kazi yangu ni ya mifugo. Nazunguka kwa pikipiki kaunti zote mbili, Homa Bay na Migori, nikichanja kuku na mbuzi wa watu. Nilikuwa nimeamua kwamba liwe liwalo, nanunua suruali ya pikipiki ya kweli, ya kulinda miguu.

"Madam, unataka ya jua ama ya mvua?" kijana wa duka akaniuliza.

"Ya zote mbili. Natoka kwa jua naingia kwa mvua siku hiyo hiyo."

Akanionyesha ya kwanza, ina vitundu vidogo vya kupitisha hewa. Ingepitisha na mvua pia, hilo halikuhitaji kuelezwa. Ya pili ilikuwa nzito kama godoro, na ukiivaa Mbita saa saba mchana utaiva kabla ya kufika kivukoni. Ya tatu ndiyo aliyoisifu. Ina sponji ngumu magotini na kwenye nyonga, na ndani ina bitana isiyopitisha maji, inayofungwa kwa zipu. Jua likiwaka unaitoa, mvua ikija unairudisha.

Nikaigeuza, nikaitazama ile zipu. "Hii bitana iko ndani. Ili niirudishe, si lazima nivue suruali yote?"

"Eeh, dakika mbili tu."

"Sasa mvua ikinipatia sokoni Rongo, nitavulia wapi?"

"Wanaume huingia tu kwa kichaka."

"Na mimi?"

"Pole, madam."

Nikaijaribu hivyo hivyo. Kiuno kilikuwa cha mwanamume mnene, nyonga za mwanamume mwembamba, na miguu mirefu ya kufagia sakafu. Nikauliza kama kuna ya wanawake, akaniambia wanawake hukaa nyuma. Niliinunua kwa sababu goti lilikuwa bado linauma, nikatoka nimenuna. Nyanya yangu, ambaye hakuwahi kupanda pikipiki hata siku moja, alikuwa ameitatua shida hiyo zamani, kwa kipande cha turubai la lori na uzi wa kushonea nyavu.

Nyumbani kwetu ni Karungu, kando ya ziwa. Baba naye alikuwa mtu wa mifugo, na ndiye aliyenitia ugonjwa huu. Alipewa pikipiki ya kazi, nyekundu, yenye mlio uliojulikana na mbwa wote wa kijiji, na siku nyingi alipanda nayo hadi Kegonga, kule milimani kwa Wakuria, kuchanja ng'ombe. Sasa huko kwetu ni joto, rafiki yangu. Saa nne asubuhi mchanga unakuchoma nyayo. Kule Kegonga asubuhi unaamkia ukungu, na mchana mvua inashuka bila kubisha hodi. Mtu mmoja, siku moja, miguu ile ile miwili.

Kwa hiyo nyanya alimtengenezea suruali mbili. Ya kwanza ilikuwa ya kaki, nyepesi, ya siku za jua, imeongezwa kitambaa magotini. Ya pili ilikuwa ya turubai. Alipata turubai lililochakaa kutoka kwa dereva wa lori la samaki, akalikata kwa kisu, akalishona kwa sindano ya magunia na uzi wa nyavu, na magotini akaweka mpira wa tyubu ya trekta. Ilivaliwa juu ya nguo nyingine, na pembeni ilikuwa wazi kutoka kiunoni hadi chini, ikifungwa kwa kamba. Mtu aliivaa akiwa amesimama na viatu vyake miguuni, bila kuingia kichaka chochote. Ilinuka samaki hadi ikafa.

Utauliza kwa nini baba hakuifunga nyuma ya pikipiki akaendelea na safari. Nyuma palikuwa na sanduku la barafu na chanjo, na mahali pengine hapakuwapo. Aliivaa au aliiacha nyumbani, na akiivaa siku ya jua alirudi na mapaja yaliyobabuka. Ndiyo maana uchaguzi wa asubuhi ulikuwa jambo kubwa, na uchaguzi huo nilipewa mimi.

Nilikuwa na miaka tisa hivi. Baba akiwa anakunywa chai na kula nyoyo, yale mahindi na maharagwe ya kuchemshwa jana yake, nyanya alinituma nje nikasome anga. Nilikwenda hadi kwenye jiwe kubwa karibu na maji, huku wanawake wakianika omena, wale dagaa wa ziwani, na kunguru wakiwapigia kelele. Nikirudi nilitungua suruali moja ukutani na kuiweka kwenye kiti cha baba. Aliyoikuta kwenye kiti ndiyo aliyoivaa. Aliwaambia hata wakubwa zake kazini kwamba yeye huvalishwa na binti yake, na mimi nilivimba kichwa kwa cheo hicho.

Kosa la watu wa ziwani ni moja, nyanya alilisema mpaka tukachoka. Sisi tukitaka kujua siku itakuwaje, tunaangalia maji. Maji yakiwa meupe na kimya, tunatangaza kwamba dunia nzima ni kavu. "Ziwa halijui habari za Kegonga," alikuwa akisema. "Mtu havalishwi hewa ya anakotoka. Mvalishe hewa ya anakokwenda." Kwa hiyo nikishamaliza kuangalia maji, nilipaswa kugeuka, kulipa ziwa mgongo, na kuangalia upande wa Kuria. Mawingu yakiwa yamelala huko mapema, yamejikunja kama mkeka, ilikuwa siku ya turubai hata kama kwetu jua linapasua mawe.

Cheo changu kilikuwa na ubaya wake. Suruali ya turubai ikirudi, aliyeiosha ni mimi. Udongo mweusi wa njia zetu unanata, na ukikauka unakuwa saruji. Niliiburuta hadi majini, nikaisugua kwa gunzi la mahindi na sabuni ya kipande, nikiigeuza kama maiti ya kiboko. Mpira wa magoti ulinikwaruza, sabuni ikaingia kwenye mikwaruzo. Nyanya alipita akasema kazi haiui mtoto. Niliichukia ile suruali kuliko nilivyochukia hesabu.

Basi likizo moja ya mvua za masika, baba aliivaa siku tatu mfululizo na mimi nikaiosha siku tatu mfululizo. Jioni ya tatu vidole vyangu vilikuwa vimepasuka, nikala ugali kwa mkono uliokunjwa. Asubuhi ya nne nilikwenda kwenye jiwe. Ziwa lilikuwa jeupe, halina hata kikunjo. Nikageuka. Na hapa sitakudanganya, maana nimewadanganya wengine muda wa kutosha: mawingu yalikuwapo. Yalikuwa yamelala upande wa Kuria, mazito, yameinama. Niliyaona vizuri kabisa. Kisha nikarudi ndani nikaweka ile ya kaki kwenye kiti.

"Kukoje?" nyanya akauliza.

"Kweupe," nikamjibu.

Baba aliivaa, akanishika kichwa kama kawaida yake, akaondoka.

Alirudi kesho yake mchana nyuma ya pikapu ya mtu, pikipiki ikiwa imelazwa kando yake. Mvua ya mawe ilikuwa imemkuta kwenye mteremko wa Kegonga. Wahenga walisema kuteleza si kuanguka. Hawakuwahi kushuka mteremko ule kwa pikipiki. Kaki ilichanika kama karatasi, goti la kulia likasagwa kwenye mawe, na bomba la moshi likamchoma shavu la mguu. Mpira wa tyubu ungemwokoa. Ulikuwa nyumbani, ukutani, safi, nimeuosha mwenyewe.

Goti halikukunjika sawasawa tena. Kazini walimpa meza mjini Migori, pikipiki nyekundu akapewa mwingine. Nyanya hakuniuliza neno. Alisema tu kwamba ziwa limetudanganya, akaifumua suruali ya turubai na kuezekea banda la kuku. Hakuna aliyenituma tena kwenye jiwe. Majuto ni mjukuu, nami nimeishi na mjukuu huyo tangu utotoni, nikimlisha na kumbeba kila ninapokwenda.

Sasa rudi na mimi kwa suruali yangu ya dukani. Jumamosi niliipeleka Karungu kumwonyesha baba. Ni mzee sasa, hukaa mlangoni na mguu umenyooshwa kwenye kigoda. Aliipapasa, akagonga sponji za magoti kwa kidole, akafungua zipu ya bitana na kuifunga.

"Mvua ikikuja, unatoa hii yote kwanza?"

"Yote."

Alicheka mpaka akakohoa. "Nyara," akaniita, yaani binti yangu, "hii ilishonwa na mtu ambaye hajanyeshewa."

Sijui ni kicheko chake, au ni ile hasira ya duka iliyokuwa bado haijapoa. Nikajikuta nimesema. Nikamwambia siku ile mawingu niliyaona, nikaweka kaki makusudi, kwa sababu sikutaka kufua.

Hakushtuka. Aliendelea kuichezea zipu. "Hata mimi niliyaona. Nilikuwa nimetoka nje mapema kuliko wewe."

"Na bado ukavaa kaki?"

"Uliiweka kwa kiti."

"Baba, ungeikataa tu."

"Vidole vyako vilikuwa vimepasuka. Nilikuona jana yake ukila. Ningevaa ile ingine, ungeosha tena."

Ungefikiri ningefarijika. Nilikasirika, rafiki yangu, nikakasirika kuliko siku zote. Miaka yote hiyo nimelibeba goti lake peke yangu, kumbe alikuwa na kamba ya upande wa pili mkononi na hakuivuta. Nilitaka kumwambia mambo mengi. Nilikwenda kuangalia kuku, nikasimama pale palipokuwa na lile banda la nyanya. Turubai lilioza zamani, banda likaanguka, na mahali pake pameota magugu. Nyanya mwenyewe hayupo. Hata anga aliyonifundisha kuisoma haisomeki tena. Masika yanakuja yanapotaka, na mawingu ya Kuria siku hizi hujikunja asubuhi nzima kisha yakaondoka bila tone. Angekuwa hai sijui angenituma niangalie nini.

Jumapili asubuhi nilikuwa niende Kegonga, kuna mbuzi waliokuwa wananisubiri. Jua la Karungu lilikuwa limeshaanza kuuma. Nilipoingia sebuleni kuchukua suruali sikuikuta nilipoitundika. Ilikuwa kwenye kiti, imenyooshwa, na bitana ya mvua imefungwa ndani, zipu hadi mwisho. Baba alikuwa mlangoni na fimbo yake, amelipa ziwa mgongo. Mguu mbovu wote ule, alikuwa ametoka kusoma anga na kurudi.

Ningemwambia kwamba nitaiva kwa joto. Ningemwambia kwamba simu yangu inasema hakuna mvua mahali popote. Niliivaa tu, akanishika kichwa.

Nilitoka jasho kutoka Karungu hadi Migori mjini, na kutoka Migori hadi mlimani, nikinung'unika njia nzima kama mtu aliyeibiwa. Kegonga kulikuwa kukavu, watu wameanika mahindi barabarani. Haikunyesha hata tone. Vichaka vilikuwa vingi, na hakuna aliyekuwa akiniangalia. Sikuivua.