Maswali Ambayo Kwandu Hakumuuliza Mkwewe

Kwandu hakuwa mwoga, hilo mlijue mapema. Mhudumu wa afya wa Nkololo, mwanamke anayemuuliza mwanamume mzima habari za choo chake bila kupepesa macho! Zahanati ilipoletewa dodoso la mtandaoni la kuwapima watu waliotekwa na kamari, yeye na mwenzake Goodness walipewa kila mmoja simu na meza. Unasoma swali, mtu anajibu, unabonyeza. Mwisho simu inasema kama ni mzima, au apelekwe kwa mshauri Bariadi mjini.

Siku moja akaja mzee Masele, baba wa mumewe. Nani asiyemjua, kila jioni yuko dukani anailisha sarafu mashine ya dubwi! Meza ya Goodness ilikuwa tupu, lakini mzee akapanga foleni ya Kwandu, akangoja mpaka zamu yake.

"Mwangaluka, mayu," alisalimia kwa Kisukuma, akimwita mama.

Kwandu akapiga magoti, macho chini, kama mkamwana anavyopaswa. Swali la kwanza akalisoma kimoyomoyo: umewahi kuwaficha watu wa nyumbani kwako kwamba unacheza? Loo! Watu wa nyumbani si ndio yeye? Amuulize baba mkwe maneno hayo, foleni nzima imetega masikio? Ulimi ukagoma. Angeweza kumwita Goodness, ila aliona aibu hata Goodness asikie. Akabonyeza hapana, hapana, hapana, mpaka simu ikaandika kwamba mzee hana tatizo.

"Huna shida, baba."

Mzee hakuinuka upesi. "Ndiyo imeisha?"

"Imeisha, baba."

Akachukua fimbo yake, akaenda zake.

Heshima gani hiyo, jamani! Mvua za kwanza zilipoanguka, zizi lilikuwa tupu. Maksai wa kulimia wameuzwa wote, fedha imemezwa na dubwi. Mama mkwe, Nyanjige, na magoti yake mabovu, akashika jembe la mkono kulifungua shamba la pamba. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua; hawakusema chochote kuhusu anayemfichia mwenzake.

Kwandu alilima kando ya mama huyo, akashindwa hata kumtazama. Dhambi ilikuwa yake, na aliijua. Walipotoka shambani alimfuata mzee nyuma ya nyumba, akapiga magoti, akasema yote: maswali hakuyauliza, majibu aliyajaza mwenyewe.

"Nisamehe, baba. Niruhusu nikuulize leo."

Mzee Masele alilitazama lile zizi.

"Meza ya mwenzako niliiona iko wazi," alisema. "Yule ningemdanganya. Nikakungoja wewe, kwa sababu mtu anayenipigia magoti nisingeweza kumdanganya."