Pikipiki Iliyoungua Msafarani

Sijui nani aliwaambia watu wa Bukavu kwamba harusi isiyo na kelele si harusi. Bwana harusi anaweza kuazima viatu na asione aibu, lakini pikipiki za kutangulia msafara lazima zipatikane, na lazima zilipuke. Dereva anazima ufunguo pikipiki ikiwa mwendoni, anauwasha tena, bomba la moshi linatoa mlio wa kupasuka, na mashangazi wanapiga vigelegele. Mimi kelele hizo nazichukia tangu kaka yangu mkubwa alipooa.

Nilikuwa na pikipiki ya injeksheni, aina ambayo bado ni chache mjini. Haina kabureta wala skurubu ya kukaza na kulegeza. Kompyuta ndogo chini ya kiti ndiyo inayoamua petroli kiasi gani iingie kwenye injini. Nilikuwa nimeifungia bomba pana zaidi na chujio la hewa lililo wazi, na hapo ndipo kazi inapoanza, kwa sababu injini ukiipa hewa nyingi na petroli ileile, inafanya kazi na njaa. Inakohoa ukiachia mkono wa gesi, inapata joto, mwisho inajiunguza.

Nilikuwa nafundisha kompyuta katika shule moja kule Miti, nje ya mji, basi barabara ya kwenda kazini ikawa ya majaribio pia. Naendesha, nasimama kando, naunganisha kompyuta yangu kwa waya, naongeza petroli kidogo pale ilipokohoa, naondoka. Wamama wauza ndizi walinizoea. "Madamu, moto ingali mugonjwa?" waliniuliza, maana kwetu pikipiki ni moto, wakacheka. Nikifika nyumbani nafungua buji, ile plagi inayowasha petroli, kuangalia rangi yake: nyeupe ni njaa, nyeusi ni ulafi. Siku ilipotoka na rangi ya biskuti nilicheka peke yangu uani.

Nilitaka kazi hiyo iwe riziki yangu. Nyumba ya marehemu baba, kule Nguba, ina chumba cha mbele kinachotazama barabara, na kaka, kwa kuwa ndiye mkubwa, ndiye mwenye kauli juu ya nyumba. Nilimwomba chumba nifungue karakana. Alifikiri kana kwamba nimemwomba figo.

"Dada, leta moto yako mu korteji yangu," akasema mwisho, maana msafara wa harusi yake ulikuwa karibu. "Batu bakiona inatembea muzuri, chumba ni yako."

Alisema hivyo mbele ya mama, na mama akaitikia kwa kichwa. Mimi nikalala nikipanga wapi nitaweka meza.

Lakini dada wa bwana harusi haendeshi pikipiki. Anavaa kitenge cha familia na kukaa ndani ya gari na mashangazi. Wa kuendesha alichaguliwa binamu yetu, ambaye anajiita fundi kwa sababu ana spana. Nilimpa ufunguo mlangoni mwa kanisa, nikamwonyesha kizibo kilicho ndani ya mdomo wa bomba, kile kinachopunguza mlio.

"Usikiguse. Petroli niliipima kikiwa ndani."

"Eh, dada! Moto iko kimya sawa frigo. Batu batasikia nini?"

Yaliyofuata aliyasimulia mwenyewe baadaye, akicheka. Sisi tukiwa kwenye misa, alijaribu ule mchezo wa ufunguo, pikipiki ikanyamaza tu, kwa maana kompyuta nayo hukata petroli. Basi akang'oa kizibo, akatoa na chujio. Kwenye pikipiki za kabureta huwa anafanya hivyo, halafu anazungusha skurubu kusawazisha. Hapa hakuona skurubu. Akasema ordinatere, yaani ile kompyuta, itajipanga yenyewe.

Tulipotoka kanisani nilisikia kabla sijaona. Ulikuwa mlio mkavu, wa injini iliyokosa petroli. Nilimwambia dereva wa gari asimame. Shangazi akanishika goti.

"Kaa, mama. Unataka kuharibu ndoa ya kaka yako juu ya moto?"

Nikakaa. Tulipanda mlima polepole nyuma ya watu wanaocheza, binamu mbele yetu akiwa gia ya kwanza, gesi hadi mwisho, bila upepo wa kuipoza injini hata kidogo. Kila mlipuko watu walishangilia. Karibu na ukumbi ikatoa sauti ya chuma, ikazima. Wakashangilia tena, wakidhani ni sehemu ya maonyesho, kisha wakaisukuma mtaroni ili magari yapite.

Nilipoifungua, pistoni ilikuwa na tundu na buji ilikuwa nyeupe kama chaki. Nilimpelekea kaka vyote viwili, nikavilaza mezani mbele ya mama, nikaeleza. Binamu alikuwepo.

"Yaya, nilisemaka," akamwambia kaka. "Ile mambo ya ordinatere inachomaka motere."

Kaka alinitazama kwa huruma, na huruma hiyo iliniuma kuliko tusi. "Dada, weye mwenyewe uliona. Batu bote baliona."

Nilimgeukia mama. Alikuwa anakunja kitambaa cha meza.

Chumba alipewa binamu. Kina kibao sasa, na kwenye kibao ameandika kwamba anatengeneza pikipiki za kila aina, za injeksheni pia.

Majuzi kaka alinipigia simu. Mteja amefunga bomba jipya, pikipiki inakohoa, binamu ameshindwa. "Kuya na ordinatere yako. Tuko famiye."

Nilienda. Nasema ukweli, nilienda kwa sababu nilikuwa na hamu ya kazi ile. Nilikaa kwenye benchi la wateja, nje, kompyuta magotini, nikaipangia petroli mpaka ikapumua vizuri. Mteja akaijaribu, akarudi anatabasamu, akamshukuru binamu. Kaka akaridhika sana.

"Sasa mufundishe," akaniambia, akimwonyesha binamu, "ili tusikusumbuake tena."

Nikamwambia hapana. Sikuwahi kumwambia kaka yangu neno hilo, na tangu siku hiyo mama haongei nami.